Mngojane

Hotuba katika ibada ya pamoja ya Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe!

Wengine mmeitikia salamu moja, wengine mmeitikia zote mbili. Nawashukuru nyote.

Baba Askofu, waheshimiwa mapadre na wachungaji, masista, wainjilisti na makatekista, wazee wa kanisa, wanakwaya, ndugu zangu wote mliokuja jioni hii na mvua yote hii: mimi si mwanateolojia. Nimefundisha historia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na ni mzee wa kanisa katika usharika wangu. Mlioniita mlijua mnamwita nani, kwa hiyo nitasema kama mwalimu wa historia na kama mtu aliyezika wengi.

Nianze na jambo ambalo kila mmoja wetu amelisikia kwa masikio yake. Tupo makaburini. Jeneza limeshateremshwa, vijana wameanza kurudisha udongo, na kiongozi wa ibada anasema, "Tusali sala aliyotufundisha Bwana." Tunaanza wote kwa sauti moja: Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe. Baada ya hapo sauti zinaachana. Huku wanasema "ufalme wako ufike", kule wanasema "ufalme wako uje". Huku "utakalo lifanyike", kule "mapenzi yako yatimizwe". Wakatoliki wanaomba mkate wa kila siku, Waprotestanti wengi wanaomba riziki ya leo. Wa "makosa yetu" wanapishana na wa "deni zetu", mpaka tunafika mwishoni, na nusu ya watu wanaomba "utuopoe maovuni" wakati nusu nyingine wanaomba "utuokoe na yule mwovu". Hapo Mkatoliki anasema amina. Halafu anasikia jirani yake bado anaendelea: kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele. Basi anatulia, anamsubiri, na mwenzake anapomaliza wanasema amina ya pili wakiwa pamoja.

Miaka mingi niliona jambo hili kama dosari. Nilikuwa nawaza, mbona wakubwa wetu hawakai wakatupa sala moja yenye maneno mamoja? Siku hizi nikiisikia ile amina ya pili nashukuru. Sijawahi kumwona mtu akiondoka kaburini kwa sababu jirani yake amesema "uje" naye amesema "ufike". Wote wanajua anayeombwa ni nani. Na yule aliyemaliza kwanza anamngoja mwenzake bila kuambiwa.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu waliokuwa wamegawanyika vibaya mno, huyu wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa. Kuhusu meza ya Bwana, ambako matajiri walikuwa wanakula na kushiba kabla maskini hawajafika kutoka kazini, aliwapa agizo fupi sana: mkutanikapo mpate kula, mngojane. Wengi tunaukumbuka mwili na viungo vyake katika sura ya kumi na mbili, jicho lisiloweza kuuambia mkono kwamba halina haja nao. Ni maneno makubwa hayo. Lakini sura moja kabla yake kuna neno hili dogo, na ndilo nililokuja nalo leo. Mngojane.

Sasa niruhusuni nirudi darasani kidogo.

Kwetu ni Unyakyusa, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani walifika huko kwa makundi mawili katika mwaka huohuo mmoja. Kundi moja lilikuwa la Wamoravian, wakajenga Rungwe. Kundi la pili lilitoka Misioni ya Berlin, Walutheri. Wote walipitia ziwani, wote Wajerumani, wote wakiwa na Injili ileile. Wakakubaliana mpaka: ninyi huku, sisi kule. Naelewa kwa nini walifanya hivyo. Walikuwa wachache, hawakutaka kugombea vijiji, na pengine mpaka ule ulizuia ugomvi mwingi. Lakini fikirini matokeo yake. Babu yangu alikuwa Mmoravian kwa sababu migomba yake ilikuwa upande huu. Shemeji yake alikuwa Mlutheri kwa sababu migomba yake ilikuwa upande ule. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kuona Ungamo la Augsburg, andiko la imani ya Walutheri, au kusikia habari za Herrnhut, mji wa Ujerumani walikotoka Wamoravian. Wote wawili walimwita Mungu Kyala, kama walivyofundishwa na mama zao kabla mzungu hajafika.

Hali ni hiyohiyo sehemu nyingi za nchi yetu. Ukimuuliza mtu wa Masasi kwa nini ni Mwanglikana, wa Peramiho kwa nini ni Mkatoliki, wa Machame kwa nini ni Mlutheri, na kila mmoja akajibu kwa unyofu, atakutajia misioni iliyotangulia kufika kwao. Sisemi kwamba imani zao ni za bahati nasibu. Mungu alimkuta kila mmoja pale alipokuwa, na watu hao wameishi na kufa katika imani hizo kwa uaminifu mkubwa. Ninachosema ni kwamba mistari mingi inayotutenganisha hatukuichora sisi. Mtu anayemdharau jirani yake kwa ajili ya dhehebu analinda mpaka ambao babu yake hakuulizwa.

Kisha ikaja Vita Kuu ya kwanza. Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa, na makanisa yakabaki na walimu na wazee wetu wenyewe. Kusini kule, Waskoti wa misioni ya Livingstonia, ambao ni Wapresbiteri, waliwatunza Wamoravian na Walutheri pamoja mpaka Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Mpresbiteri anabatiza mtoto wa Mmoravian, na mtoto huyo anakua kuwa Mkristo kamili bila upungufu wowote! Njaa na vita vilipobana, ule mpaka ulivukika.

Lakini sitaki tuondoke hapa tukidhani kwamba makosa yote ni ya wageni. Twendeni Uganda.

Mashahidi wa Uganda tunawajua sote. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwaua vijana Wakristo, na wanaohesabiwa ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Siku ya Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa pande zote mbili walichomwa moto mahali pamoja. Hakuna aliyewatenganisha pale. Mwaka 1964, Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wale Wakatoliki 22 kuwa watakatifu, aliwataja pia katika mahubiri yake ndugu zao Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Habari hii huwa tunaisimulia kwa furaha, na tunastahili kuifurahia.

Ila tunaishia hapo, wala hatufungui ukurasa unaofuata. Tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, makao ya Kabaka, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa bunduki. Ilikuwa haijatimia hata miaka sita baada ya Namugongo. Kulikuwa na watu pale Mengo waliokuwa wamejificha pamoja wakati wa mateso, waliosoma pamoja, waliolia msiba mmoja. Waliitana Wafransa na Waingereza, yaani hata majina ya kugombania yalikuwa ya kuazima. Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza alikuwa na bunduki ya Maxim upande wa Waprotestanti, na vita ikaishia huko. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na angalieni tarehe hiyo, ndugu zangu: 24 Januari. Wiki hii tunayosali inaanza tarehe 18 na kumalizika tarehe 25, sikukuu ya kuongoka kwa Mtume Paulo. Wiki hii ilianzishwa mwaka 1908, tena mbali na huku, kwa hiyo walioipanga sidhani kama walikuwa wakiifikiria Mengo. Lakini sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kuiadhimisha bila kuikumbuka Mengo. Siku moja kabla ya kumaliza sala zetu tunapita juu ya kaburi hilo kila mwaka.

Nikikaa na habari hizi mbili, Namugongo na Mengo, ninaogopa. Watu waliokuwa tayari kufa pamoja walishindwa kuishi pamoja hata miaka kumi. Na waliogombana hawakuwa Wakristo baridi, walikuwa moto. Kupenda imani yako kwa nguvu hakukulindi na kumchukia mwenzako. Tunahitaji kufundishwa kungojana kama tunavyofundishwa katekisimu.

Kuna mtu mmoja wa upande huu ambaye nimemtafakari sana, Frank Weston, Askofu wa Anglikana Zanzibar. Mwaka 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, Kenya, wakijaribu kutafuta njia ya makanisa yao kushirikiana. Mwishoni walishiriki Chakula cha Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti. Aliyeongoza ni Askofu wa Mombasa, akitumia kitabu cha sala cha Kianglikana, na wengi waliopokea hawakuwa Waanglikana. Weston alipopata habari alikasirika kabisa. Akawashtaki maaskofu wenzake kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wameiacha imani. Malumbano yakafika magazeti ya Uingereza, na kwa muda jina la Kikuyu likawa midomoni mwa watu ambao hawangeweza kulionyesha kwenye ramani.

Ni rahisi kumgeuza Weston kuwa mbaya wa hadithi. Mimi sifanyi hivyo. Aliamini kwamba sakramenti si kitu cha kuchezea, na kwamba umoja unaoharakishwa kwa kufunika tofauti utakuja kupasuka. Alikuwa mtu aliyewapenda Waafrika kwa vitendo. Alipinga hadharani kazi za kulazimishwa ambazo serikali ya kikoloni iliwatwisha watu baada ya vita, na aliwaambia wenzake Waingereza kwamba haiwezekani kumwabudu Yesu kwenye altare huku unamwacha Yesu yuleyule kwenye vibanda vya maskini. Na mwaka 1920, maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walipokutana Lambeth na kutoa wito wao kwa Wakristo wote watafute umoja, Weston alikuwa miongoni mwa walioushughulikia na kuuunga mkono. Ni yuleyule. Miaka saba tu ilikuwa imepita.

Kwa hiyo ukiwa na mwenzako ambaye leo anakataa kusali nawe, usimwandike kabisa katika daftari la waliopotea. Huenda anaona kitu cha kweli ambacho wewe umekipita haraka. Mpe muda, na wewe jipe muda pia.

Hapa kwetu yako mambo ambayo subira imeyazaa na mengine ambayo hayakuzaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Waanglikana, Walutheri, Wamoravian, Wamethodisti na Wapresbiteri wa Afrika Mashariki walikaa meza moja kutafuta kuwa kanisa moja. Walifika mbali kiasi cha kutunga liturujia ya pamoja. Kisha mazungumzo yakafifia, na kanisa hilo halikuzaliwa. Wazee waliokuwepo walipozungumza habari hizo mbele yangu, sauti zao zilishuka kama za watu wanaomtaja mtoto aliyefia tumboni. Lakini tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliyotoka katika misioni mbalimbali yaliungana kuwa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, chini ya Askofu Stefano Moshi. Wachagga, Wahaya, Wasambaa, Wairamba, Wabena na wengine, kila watu na nyimbo zao na desturi zao za ibada. Leo tunaliona jambo hilo la kawaida, wala halikuwa la kawaida.

Na Biblia! Nilipokuwa mtoto mama alikuwa na Biblia moja tu nyumbani, ile ya mwaka 1952 inayoitwa Union Version. Jina lenyewe lina maana ya muungano. Kabla yake Waanglikana wa Zanzibar walikuwa na Biblia yao ya Kiunguja, na watu wa Mombasa walikuwa na yao ya Kimvita. Watu wakakaa miaka wakipima neno kwa neno mpaka ikapatikana moja ya wote. Miaka ya 1990 ikatoka Habari Njema, na humo Wakatoliki na Waprotestanti walitafsiri wakiwa kikundi kimoja, ikatolewa hata yenye vitabu vya Deuterokanoni kwa wanaovisoma. Mtu akikuambia kwamba Wakristo hawa hawawezi kukubaliana, muulize basi ni nani waliokaa meza moja wakibishana juu ya kitenzi kimoja cha Isaya hadi wakakubaliana.

Yako mengine mnayoyajua kuliko mimi. Mnajua kwamba Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania walianzisha chombo kimoja cha huduma za jamii mwaka 1992, ili hospitali na shule zetu zizungumze na serikali kwa sauti moja. Mnajua uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukavuka Uganda, Bukoba na Kenya bila kuuliza nani Mwanglikana na nani Mlutheri, watu wakiungama hadharani na kuimba Tukutendereza hata wasiojua neno jingine la Kiganda. Sitakaa huko. Nataka nije nyumbani, kwenye jambo linaloniuma.

Dada yangu mkubwa alibatizwa na kukulia katika kanisa letu. Alipoolewa alifuata kanisa la mumewe. Baadaye, akiwa mjane na mgonjwa, alianza kusali na kanisa la kiroho lililokuwa jirani na nyumba yake, kwa sababu ndilo aliloweza kulifikia kwa miguu na ndilo lililokuja kumwombea usiku. Alipofariki, viongozi wa makanisa mawili walibishana mbele ya maiti. Mmoja alisema hakuwa ametoa michango, kwa hiyo hawezi kuzikwa na kanisa. Mwingine alisema wao hawawezi kuzika mtu ambaye hawakumbatiza upya. Saa nne asubuhi ikawa saa nane mchana. Jeneza lilikuwa chini ya turubai, juu ya meza mbili tulizoazima shuleni. Mvua ilianza. Wanangu walikuwa wakishika ncha za turubai ili maji yasimwagikie jeneza, na ndani ya nyumba watumishi wa Mungu walikuwa bado wanazungumza juu ya daftari la sadaka.

Aliyemzika dada yangu ni mwinjilisti mmoja wa dhehebu la tatu kabisa, aliyekuja msibani kama jirani tu. Alivaa koti la kawaida, hakuwa na kanzu. Akasoma Zaburi, akasali, akatuongoza katika ile Baba Yetu. Na pale kaburini, kama nilivyowaeleza, sauti zikaachana, zikangojana, tukasema amina mara mbili.

Siwataji watu wale wala makanisa yao, na nimewasamehe. Nimelieleza hili kwa sababu nina ombi kwa ninyi viongozi mlio mbele yangu, na ninaliomba kwa heshima yote. Sijaomba tuwe na kanisa moja kesho. Sijaomba Mkatoliki aache rozari wala Mpentekoste apunguze sauti ya kusifu. Wanaojua mafundisho wataendelea kukaa na tofauti zetu za ushirika mtakatifu, za daraja la upadre, za ubatizo wa watoto. Ni tofauti za kweli na zinastahili watu makini. Ninachoomba ni viwili. Maiti isisubiri tena mvuani wakati tunabishana ni ya nani. Aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, azikwe na aliye karibu. Na wanaotaka kuoana kutoka makanisa mawili wasilazimishwe kuchagua kati ya mama na mchumba. Wachungaji wa pande zote mbili wakae nao pamoja, si kila mmoja kwa siri yake.

Naona Baba Paroko anatikisa kichwa kukubali, na Mchungaji pia. Mungu awabariki.

Nimeombwa pia nitoe tangazo. Jumamosi hii tunafyeka makaburi ya pamoja, yale ya nyuma ya soko. Mwaka jana kila dhehebu lilifyeka upande wake, na katikati, ambako tumezika mchanganyiko, hakuna aliyegusa. Nyasi sasa zimefika kiunoni na misalaba mingine haionekani. Tutaanzia hapo katikati. Saa moja asubuhi, tuje na majembe, mafyekeo na glavu kwa walio nazo. Akina mama Wakatoliki wa WAWATA na umoja wa wanawake wa KKKT wamekubaliana kupika chai na maandazi. Wanaojua makaburi ya zamani wawahi kidogo, maana kuna mengine hayana jina tena na tunataka kuandika majina kabla wazee wanaoyakumbuka hawajaondoka.

Watakaofika mapema wawangoje wengine getini. Asanteni sana.